Mlo wa Kikazi, Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay

Mtumishi wa serikali anayetumwa Mbinga huondoka na posho ya kujikimu, na vituko vya mezani huanzia hapo. Julai 2022 viwango vya safari za ndani vilipandishwa: kima cha chini kikawa shilingi 100,000 kwa siku na cha juu 250,000, kwa kufuata cheo. Fedha hizo ni za kulala na kula, lakini ni nadra kumkuta mtumishi anayezitazama kwa jicho hilo. Gari halijavuka njiapanda ya Peramiho, mmoja ameshazigeuza mabati, mwingine ada ya shule, wa tatu deni la kikoba.

Kwa hiyo msafara ukiingia Mbinga mjini saa nane mchana, ubishi wa kwanza hauhusu kazi. Mkuu wa msafara anataka hoteli yenye kitambaa mezani na menyu. Wenye mabati wanataka kwa mama lishe. Dereva, ambaye posho yake ni ya kima cha chini, hachangii hoja. Ameshauliza stendi madereva wa malori wanakula wapi, na anangoja tu wakubwa washuke ili akaegeshe huko. Ubishi wao ukiisha, yeye huwa ananawa mikono kwa mara ya pili.

Menyu ya hoteli za wilayani ni karatasi iliyofunikwa plastiki, yenye kuku wa kila namna, samaki wa kila namna na juisi za matunda ambayo msimu wake ulishapita. Huandikwa wiki ya ufunguzi, mwenye hoteli angali na matumaini. Mhudumu huiweka mezani kwa heshima, huondoka muda wa kutosha watu wabishane na kuchagua, kisha hurudi kuwaeleza kilichopo. Kilichopo ni wali maharage na ugali nyama. Wazoefu hawaigusi karatasi ile, huuliza, “Dada, leo kuna nini?” na huletewa chakula nusu saa kabla ya wenzao.

Tena maharage ya Mbinga si ya kudharauliwa. Wamatengo huyalima kwenye ngoro, kilimo cha vishimo kilichodumu katika milima yao kwa zaidi ya miaka mia. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima ugawanyike miraba, udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba hufunika zile nyasi, na maharage hupandwa juu ya matuta yanayozunguka shimo. Mvua ikinyesha maji hutuama shimoni badala ya kuondoka na udongo, na nyasi huoza zikawa mbolea. Msimu unaofuata hupandwa mahindi. Sahani ya maharage ya huko ina kazi kubwa ndani yake, na aliyeisogeza pembeni akaagiza chipsi mayai amejinyima kitu ambacho nyongeza yoyote ya posho haitakifidia.

Kuhusu kahawa, mgeni ajiandae kisaikolojia. Mbinga ni wilaya ya arabika; zao hilo ndilo lililosomesha watoto na kuezeka nyumba za Umatengo. Mgeni anayelijua hilo huagiza kahawa kwa sauti ya mtu aliyefika kwenye chemchemi yenyewe. Huletewa chupa ya chai yenye maji ya moto, kopo la unga wa kahawa wa dukani, kijiko na sukari. Kahawa ya maganda imekwenda kukobolewa kiwandani na kisha mnadani, na iliyo bora huishia ng’ambo. Anayesisitiza huulizwa kwa upole kama chai ya tangawizi haitamfaa. Itamfaa, maana asubuhi za Juni na Julai mji huo ni wa baridi, na chapati huganda kabla maongezi hayajakolea.

Miezi hiyo hiyo kahawa huvunwa, na malipo yakishatoka, mtumishi hukumbushwa nafasi yake katika uchumi wa taifa. Huingia sehemu ya kitimoto akiagiza nusu kilo kwa kujiamini, akaambiwa asubiri kwa sababu mzee aliyekaa pembeni, mwenye koti lililofifia na mabuti yenye tope, amelipia kilo tano za wageni wake na bado anaongeza.

Kitimoto chenyewe kinahitaji maelezo, kwa kuwa ndicho kitoweo kinachoutikisa zaidi umoja wa msafara. Mbinga ni nchi ya Wakatoliki wengi. Jimbo lao lilianzishwa mwaka 1986, na nguruwe hufugwa katika nyumba nyingi za milimani. Nyama hupimwa kwa kilo, hukatwakatwa, hukaangwa kwa mafuta yake na vitunguu, ikaletwa kwenye sinia pamoja na ndizi, kachumbari na pilipili ya kuwatenga waongo na wakweli. Sasa katika kila msafara yupo Mwislamu mmoja au wawili, mara nyingi watu wa Tanga au Pwani, waungwana wasiotaka kuharibu jioni ya wenzao. Mtu wa namna hiyo husema yeye hana neno, atakunywa soda na kula chipsi kavu. Chipsi zinapokaribia ndipo wazo la mafuta humjia. Humwita mpishi, akamuuliza kwa sauti ya chini mafuta yaliyokaanga chipsi ni yapi. Mpishi, ambaye fani yake imeguswa, hujibu kwa sauti ya juu kwamba mafuta ni masafi kabisa, ya leo leo. Jibu ni la kweli, ila limejibu swali lingine. Jioni ile huisha kwa mayai ya kuchemsha, ambayo yana ganda lake, na ndizi mbivu, ambayo ina la kwake. Kisha bili inakuja, mhasibu anafungua kikokotoo cha simu na kuigawa sawa kwa sawa. Mtu wa Tanga analipia robo kilo ya mnyama ambaye hajawahi kumgusa, na kwa ustaarabu wa kwao hasemi kitu mpaka wafike Dodoma.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ni kilomita 66 za lami zenye kona nyingi. Barabara hushuka hadi ziwani, mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari. Waliopanda gari na masweta hushuka nayo mkononi, jasho likiwatiririka, na kila mmoja anataka samaki.

Samaki wapo, ila hawapokei mialiko ya vikao. Dagaa wa Nyasa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haina mvuto. Katikati ya mwaka upepo wa kusini huvimbisha mawimbi na mitumbwi hubaki mchangani. Ofisi iliyopanga semina wiki ya mwezi mpevu, mwezi Julai, imepanga pia kula mayai. Na hata wiki njema samaki hufika ufukweni alfajiri, akagombaniwa na wachuuzi, na kufikia saa saba mchana, semina inapotoa mapumziko, aliyebaki ni yule ambaye kila mtu alimwona na kumwacha.

Akipatikana mwingine, mhudumu husema, “Dakika tano.” Dakika hizo hujumlisha kumtuma kijana kumfuata samaki, kupara magamba, kutafuta mkaa na kuuwasha. Wenyeji huzijaza kwa hadithi, na iliyo bora ni ya Liuli, bandari iliyo kaskazini ya hapo, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Kapteni Rhoades wa meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen na Kapteni Berndt wa meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann walikuwa wakinywa pamoja kila walipokutana ziwani. Agosti 1914 Rhoades alipokea amri, akaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mizinga. Inasimuliwa kwamba Berndt, ambaye habari za vita zilikuwa hazijamfikia, alipiga makasia kwa hasira hadi kwa rafiki yake kumuuliza kama amelewa, akachukuliwa mateka. Katika historia ya wafanyakazi waliozoea kukaa meza moja, hakuna tukio lililoharibika kiasi hicho, hata likihesabiwa lile la kikokotoo.

Samaki akifika ni mbasa au magege. Magege ni mnyenyekevu, nyama nyeupe na miiba inayoonekana. Mbasa ni mtamu kuliko yeye, na miiba yake myembamba imetawanyika mwilini mwote, hivyo haliwi na mtu anayezungumza. Mkuu wa msafara hukitambua kipengele hiki akiwa katikati ya sentensi kuhusu mpango kazi, na kimya kinachofuata ndicho kizuri kuliko vyote vya safari. Tiba ya kienyeji ni kumeza tonge kubwa la ugali wa muhogo, ugali wa pwani ile, unaovutika na kunata. Mgeni aliyezoea dona hulifinyanga tonge likamganda vidoleni, akajaribu kulibandua kwa mkono wa pili, akabaki na mikono miwili isiyoweza kushika hata glasi. Mwenyeji huchovya vidole kwenye mchuzi kwanza, kisha hukata.

Usiku taa huwaita kungu, inzi wadogo wanaoibuka ziwani kwa mawingu yanayofanana na moshi. Tangu zamani watu wa ziwa hili huwakamata na kuwakanda kuwa mikate, na David Livingstone, aliyefika ziwani mwaka 1859, aliandika habari zao. Kwa hiyo anayepiga kelele kwamba kuna mdudu kwenye mchuzi asitegemee kuhurumiwa. Kwa bei ya pale, hiyo ni nyongeza.

Wafanyakazi wa mashirika yanayodai risiti kwa kila mlo wana msalaba wao. Mama lishe wa ufukweni hana mashine ya EFD. Huchana karatasi ya daftari la shule, akaandika “samaki, ugali, maji” na jumla yake, akasaini kwa kidole chenye mafuta. Mhasibu wa makao makuu huipokea kwa ncha za vidole na kuuliza mhuri uko wapi.

Mwenye kikao Mbamba Bay saa tatu asubuhi na apite ufukweni saa kumi na mbili, amchague samaki wake, amkabidhi mpishi pamoja na hela ya mkaa, na ampe dereva kazi ya kufuatilia.