Sifa za Moteri Inayokohoa

Wengine na wasifu jibini la Masisi. Mimi naisifu moteri inayokohoa, na haki ninayo, maana yangu imenikoholea mwaka mzima kati ya Mweso na Kashuga, na njia ya Kalembe nimeipita nusu kwa magurudumu, nusu kwa mabega ya abiria.

Fadhila ndogo nazipita mbio: abiria hufahamiana wakisukuma, dereva hapati kitambi, na mwizi hakutamani.

Fadhila kuu ni umoja. Silinda 4 hupokezana moto kwa zamu, 1-3-4-2. Ikizima moja tu, fundi huichongea upesi: anachomoa nyaya za bujii (wenzetu wa Tanzania huziita plagi) mmoja mmoja, moteri ikinguruma, na pale mlio usipobadilika ndipo maiti alipolala. Moteri yangu haina usaliti huo. Leo inazima ya 2, kesho ya 4 na ya 1, keshokutwa zote kwa zamu, kama wake wenza waliopatana. Chomoa waya wowote: mlio unabadilika kidogo, kwa adabu. Hatajwi mtu, hasengenywi mtu. Barza gani la wazee limewahi kufikia mapatano hayo?

Fundi wa kwanza alibadilisha bujii zote. Moteri ikakohoa kwa bujii mpya. Wa pili alibadilisha nyaya na kifuniko cha delko, ikakohoa kwa sauti safi zaidi. Wa tatu, mzee wa watu, hakufungua kitu. "Mwanangu," aliniambia, "zikiugua zote pamoja, usiziulize silinda. Uliza zinakula wapi." Akachota esansi kutoka tangini, akaitia kwenye chupa nyeupe, tukaketi kuingoja. Maji yakashuka chini, esansi ikabaki juu, na kati yao mstari ulionyooka kuliko mpaka wowote wa teritware.

Nikamwendea kadafi wangu, maana ndivyo tunavyowaita wauza esansi wa kando ya barabara. Hakukana. "Papa, bidoni hutoka mjini imejaa. Kila bariere inaonja. Nifanye nini?"

Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu bariere (vizuizi vya barabarani) 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Hapo ulimi wa sifa unanikauka. Bariere 798, na daraja la miti nalipita nikiwa nimefumba macho! Mwenye sare anakata, asiye na sare anakata, na yupo anayekata kodi ya barabara mguu wake ukiwa ndani ya shimo la barabara hiyohiyo. Kila mmoja amechukua kidogo tu. Chomoa yeyote kati yao: mlio unabadilika kidogo, kwa adabu.

Juzi moteri ilinizimikia mbele ya kamba. Kijana akadai pesa ya kupita. Nikamwambia sipiti, gari limekufa. Akafikiri kidogo, akasema basi ni pesa ya kuegesha. Nikalipa, akanipa jetoni. Abiria walipokuwa wanashuka kusukuma, akanisogelea kwa upole: "Mzee, huna esansi kidogo ya pikipiki yangu?"

Ile chupa ya fundi ilikuwa bado chini ya kiti. Nilimpa yote, bure. Ila kwanza niliitikisa vizuri.