Tumbo Kubwa Si Shibe

Kabla hujapigilia langoni kibati cha MBWA KALI, mtie kwanza huyo mkali kikapuni umpime. Ana wiki nane, analala ndani ya gambuti na bado anamkimbia jogoo.

Mizani usiseme huna. Ile ya posho mili inayopima magunia ya kilo 90 haimfai, maana mshale wake hautikiswi na mnyama wa kilo mbili. Mwombe muuza omena sokoni akuazime ile yake ya kutundika. Tundika kikapu kitupu, soma; mtie mtoto, soma tena; kisha toa. Mwenye mizani ya kusimamia ambebe wapimwe pamoja, halafu apande peke yake. Fanya hivyo kila Jumamosi kabla hajala, na uandike kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Aliyezaliwa juzi hupimwa kila siku: akifikisha siku kumi hivi, anatakiwa awe amerudufu uzito aliozaliwa nao. Wiki ikipita hajaongeza chochote, usingoje ya pili; mwone daktari wa mifugo.

Jirani atapita, atamtazama na kusema, "Huyu anakula vizuri, ona tumbo!" Mkaribishe chai, lakini mbavu ziguse mwenyewe. Tumbo la ngoma chini ya mbavu za fito kwa kawaida ni minyoo. Mtoto wa mbwa huweza kuzaliwa nayo au kuinyonya kwenye maziwa ya mama. Dawa huanza akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi miezi mitatu, na kipimo chake hufuata uzito. Muuzaji wa agroveti akikuuliza kilo ngapi, usimwonyeshe kwa mikono kama unayeuza kuku. Na minyoo hiyo huwapata watoto wetu pia, wanaochezea udongo uleule.

Kuna mizani nyingine mkononi mwako. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zake zikiwa hivyo, amekonda. Kunjua mkono, papasa mgongo wa kiganja: mifupa unaisikia chini ya ngozi, haikuchomi. Hivyo ndivyo anavyotakiwa awe. Zikiwa zimezama kama upande wa kiganja chenyewe, punguza sahani.

Kwenye sahani ndiko tunakoharibu. Kuanzia Kitale hadi Bungoma tunavuna mahindi, tunachambua, kisha yale ya ukungu tunayasukuma kando: "hayo ya mbwa." Hapana! Mahindi hayo huweza kuwa na aflatoksini, sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kisichofaa sufuria yako hakifai bakuli lake. Mpe ugali laini wa unga mzuri, omena iliyochemshwa bila chumvi, na yai lililoiva ukilipata, mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Ugali mtupu hujaza tumbo, haujengi misuli.

Akitimiza miezi mitatu, mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030. Nakili zile namba za chaki uende nazo kwa daktari. Kibati cha langoni kisubiri.