Sifa za Uwanja Mzee

Katika klabu ya mpira hakuna mtumishi mvumilivu kama uwanja uliozeeka. Kocha akifungwa mechi tatu hufukuzwa, mchezaji akicheleweshewa mshahara hugoma, na rais wa klabu akizomewa hujiuzulu, au angalau hutishia. Uwanja mzee haugomi. Wiki nzima hubeba miguu ya watu, na Jumapili timu ikipigwa hubeba lawama pia: mpira uliruka kwenye kijiwe, vumbi lilimwingia kipa machoni. Mtu wa Sake akitaka kuona mechi kubwa hufunga safari ya kilomita kama 25 hadi Stade de l'Unité ya Goma, ambako klabu za DC Virunga na Dauphin Noir zilizoea kupokezana uenyeji, na hurudi jioni akiwa na wa kumlaumu. Tukiubomoa, kama wanavyotaka wachora ramani wa Kinshasa, na kutandika nyasi za bandia tambarare kama meza, itabidi tuwatazame wachezaji wenyewe. Huo ni ukatili.

Uwanja mzee huleta mataji pia, na ushahidi upo, tena wa humu humu Kongo. TP Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa wa Afrika mwaka 2009, ikarudia 2010, na nyumbani kwake wakati huo kulikuwa kwenye uwanja wa zamani wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi, unaojulikana kama Kibassa Maliba. Hapo ndipo Espérance ya Tunis ilipokula mabao 5-0 katika fainali ya 2010. Desemba ile ile Mazembe ikaifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Mwaka 2011 ikahamia kwenye uwanja wake mpya wa Kamalondo. Sasa piga hesabu: uwanja mzee, mataji mawili katika miaka miwili, uwanja mpya, taji moja la Mabingwa, la 2015, baada ya kusubiri weee. Mwenye nia mbaya ataniletea Kombe la Shirikisho la 2016 na 2017, kisha atanikumbusha mfuko wa Moïse Katumbi, rais wa Mazembe. Mfuko haujawahi kupiga penalti.

Wapo watakaosema CAF haitaki viwanja vibovu. Kweli, na klabu ikikataliwa nyumbani hucheza nchi ya watu. Vijana wetu wangepandaje ndege vinginevyo? Hoja nzito ni ya usalama, na hapa sauti yangu inashuka. Septemba 2008, mjini Butembo, mechi ya Nyuki na Socozaki iliharibika kwa tuhuma za uchawi. Polisi wakarusha gesi ya machozi, watu wakakanyagana, na zaidi ya 10 wakafa, wengi wao vijana. Vifo hivyo sivichezei. Lakini tazama kilichoua: si umri wa saruji, ni gesi iliyotupwa katikati ya watu waliobanana. Mlango mwembamba hupanuliwa kwa nyundo na wiki chache za kazi, bila kusubiri uwanja mpya. Na siku ya uzinduzi polisi walewale watakuwepo na mabomu yaleyale, ila safari hii watapigiwa matarumbeta.

Kisha kuna sifa ambayo wachora ramani wa Kinshasa hawaijui: uwanja uliochoka hauna cha kuporwa, kwa hiyo huishi zaidi ya serikali. Waasi wa M23 walipoingia Goma Novemba 2012 waliwaita watu kwenye Stade des Volcans. Tarehe 6 Februari 2025 wakawaita tena, safari hii Stade de l'Unité, kiongozi wao wa kisiasa Corneille Nangaa akihutubia. Viwanja hivyo vilipokea wote, vikatoa nafasi ya kukaa, havikuomba kitambulisho. Mji wenyewe umefuata tabia hiyo. Lava ya Nyiragongo ilipofunika katikati ya Goma Januari 2002, watu hawakungoja mji mpya. Jiwe lilipopoa walilivunja, wakalipanga kuta, wakarudi palepale. Wale wanaotuambia uwanja umekwisha hawajatuonyesha hata risiti moja ya rangi, bomba au bawaba. Wana mchoro tu, mzuri sana, wenye miti ya kijani na magari yaliyoegeshwa.

Pale Sake, barabara inapogawanyika moja ikishika Masisi na nyingine Minova, chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, hushuka na magunia ya makaa na viazi. Mpira wa gurudumu ukilika hadi kwenye mti, mwenyewe huilaza chukudu ubavu kando ya njia, hukata ukanda wa tairi kuukuu la gari, huuzungusha, huupigilia misumari, hupiga teke mara mbili kujaribu, na kuendelea na safari kabla jua halijawa kali. Kamati ya chukudu mpya bado haijaundwa.