Mlio Mmoja Unatosha

Kila ofisi ina mchunguzi wake wa milio. Ndiye anayejua kwamba ule mrefu ni wa UPS inayolalamikia umeme, na ule wa mkato ni simu ya mhasibu. Kampuni ya Marekani iliyoitwa ThinkGeek ilimpa mtu huyu kazi ya kudumu ilipoanza kuuza Annoy-a-tron: kidude chenye betri, sumaku na kitoa mlio, kisicho na kazi nyingine duniani ila kulia kwa mkato kila baada ya dakika chache, bila mpangilio. Unakinasisha nyuma ya kabati la mafaili, unarudi kitini, unajifanya unasoma barua pepe. Balaa huanza mpenda ufundi anapokifungua ili akiboreshe. Kishawishi cha kwanza ni kuongeza: sauti iwe kubwa zaidi, milio iwe mingi zaidi. Hapo ndipo anapokiharibu. Maboresho yenye akili ni yale yanayokipunguza nguvu.

Ushahidi wa kwanza unatoka masikioni. Sauti inayotoka ubavuni hulifikia sikio la karibu kabla ya lile la mbali kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa sauti nzito, ubongo huutumia mwachano huo kujua sauti imetoka wapi; kwa sauti nyembamba, hutegemea jinsi kichwa kinavyolikinga sikio la pili. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliyaeleza haya mwaka 1907. Katikati, kwenye mitetemo kama 2,000 hadi 3,000 kwa sekunde, njia zote mbili hubabaika, na mojawapo ya sauti za Annoy-a-tron ilikuwa ya mitetemo 2,000. Mlio ukiwa mfupi, mchunguzi anapogeuza shingo kumbe umeshakwisha. Urefushe au uurudie haraka, nawe umempa nafasi ya kugeuka, kusogea hatua mbili na kusikiliza tena. Mzaha uliotakiwa kudumu wiki nzima utakufa kabla ya chai ya saa nne.

Ushahidi wa pili ni watu wenyewe. Kidude hakichekeshi, kinachochekesha ni mabishano. Mlio ukisikika mara moja asubuhi, kisha kimya mpaka karibu na mchana, nusu ya ofisi itaapa imesikia na nusu itawaambia wakapumzike. Sauti nyembamba ya mitetemo 12,000, iliyokuwamo pia kwenye kifaa hicho, huchochea zaidi, kwa kuwa uwezo wa kusikia sauti za namna hiyo hupungua na umri: kijana wa mapokezi anaziba masikio, mkurugenzi anauliza kelele gani. Dar es Salaam lawama itaiangukia mita ya umeme ya LUKU kabla ya binadamu yeyote kushukiwa. Na kurefusha ukimya si kazi ngumu. Ukijenga kidude chako kwa kidhibiti-muda 555, kilichobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, weka kapasita yenye ujazo mara kumi na nafasi kati ya milio nayo itarefuka kama mara kumi. Ongeza kihisi-mwanga, na kila mara droo ulimokificha inapofunguliwa kitanyamaza kama mtoto anayejifanya amelala.

Yupo atakayesema kazi itazorota. Ni kweli, na hiyo ni hoja ya kupunguza, si ya kuongeza: mlio wa nadra huvuruga kidogo. Mwingine atasema kitu chenye nyaya na betri kilichofichwa kinaweza kuzua hofu. Naye ana haki. Januari 31, 2007, mjini Boston, mabango madogo ya taa ya kutangaza kipindi cha vibonzo yalidhaniwa kuwa mabomu. Barabara zilifungwa, na kampuni zilizohusika zikalipa dola milioni 2. Jibu ni kutokitoa kidude nje ya ofisi yako na kukibandika karatasi yenye jina lako. Ukiniambia jina litaharibu mzaha, nitakuuliza: atakayelisoma si ameshakipata? Pingamizi moja tu sina jibu lake. Kuna watu wenye mvumo wa kudumu masikioni, na kwao mlio usio na chanzo si kichekesho hata kidogo. Akiwapo mmoja ofisini, acha kabisa. Acha pia mahali watoto wanapopita, maana betri bapa ikimezwa na kukwama kooni huunguza vibaya ndani ya saa chache.

Utani wa makabila yetu umedumu kwa sababu mtani hujulikana, naye hutaniwa vilevile. Ndiyo maana hata akitania msibani hasemwi vibaya. Bosi anayemfichia karani kidude, akijua karani hathubutu kulipiza, hatanii, anaonea. Kwa hiyo, fundi, kabla hujawasha pasi ya kulehemu: punguza sauti, refusha ukimya, andika jina lako, chagua mwenzako anayeweza kukurudishia, na uweke betri iliyokaribia kuisha. Mzaha usiojua kuisha wenyewe ni kero, na kero ofisini tunazo za kutosha.