Penseli Tatu, Sungura Wawili

Taja tu kwamba unajifunza Kijapani, washauri watajaa. "Meza maneno kumi kila siku, mwaka ukiisha unaongea kama umezaliwa Tokyo." Anayesema hivyo hajawahi kuagiza penseli tatu.

Unakariri ichi, ni, san, unajiona umeshafika. Wapi! Hizo ni za kuhesabia hewa. Kitu kirefu, kama penseli au mwavuli, ni ippon, nihon, sanbon: mara p, mara h, mara b, na penseli ni zile zile. Kitu bapa, kama karatasi au shati, ni ichimai, nimai. Paka ni ippiki, nihiki. Watu ni hitori, futari, halafu ghafla sannin. Sungura naye, kwa desturi, huhesabiwa pamoja na ndege: ichiwa, niwa. Mabawa yake yako wapi, sijaonyeshwa.

Kuvaa ndiyo balaa jingine. Sisi tunavaa kila kitu, tumemaliza. Wao kofia ni kaburu, shati ni kiru, suruali na viatu ni haku, miwani ni kakeru, pete ni hameru. Ukijiandaa kwenda harusini umeshakula maneno ya nusu wiki, na mlangoni bado hujafika.

Nikadhani angalau yule dada wa sauti kwenye magari ya mtumba ya Japani atanifaa. Kila ukiwasha gari anakuambia kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kwao, haijachomekwa: sōnyū sarete imasen. Dar nzima tumemsikia. Sasa sentensi hiyo ukiitoa garini unaipeleka wapi, sokoni?

Waandaaji wa JLPT, mtihani wa kupima Kijapani, nao, tangu 2010, hawatoi tena orodha rasmi ya maneno. Yaani meza, ila cha kumeza jitafutie.

Mwalimu wangu, mama wa Kijapani anayekijua Kiswahili vizuri, alisikiliza manung'uniko yote, kisha akauliza taratibu: "Mtu mmoja, kiti kimoja, embe moja. Hivyo nani alianza?"

"Sensei, ngeli sisi tumezirithi."

Hakucheka. Akanipa kazi ya nyumbani: tarehe za mwezi. Tsuitachi, futsuka, mikka, kila moja na jina lake mpaka ya kumi. Ukishusha pumzi, tarehe 20 inakungoja na lake: hatsuka. Na kwa ninavyoijua bahati yangu, mtihani utauliza hiyo hiyo.