Fundi Ameokoka, Gari Linamisi

Tangu fundi wangu aokoke, Landrova langu linamisi. Sina ugomvi na wokovu. Ugomvi wangu ni na kipimo. Miaka yote alisawazisha mwanya wa pointi kwa ganda la pakiti ya sigara, na gari lilikwenda Bahi na kurudi bila kukohoa. Alipoacha sigara akahamia kwenye bahasha ya sadaka. Kitabu cha gari kinataka mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40. Bahasha ya sadaka ni nyembamba, hasa ikiwa tupu. Nikamnunulia fila geji, zile pleti za kupimia, akashukuru sana. Jumapili nikaiona pleti moja ndani ya Biblia yake, inashikilia ukurasa wa Zaburi.

Gari lenyewe ni Series III, ile ndefu ya 109, injini ya petroli ya lita 2.25. Hapa Nkuhungu, Dodoma, gari la kisasa likizimika njiani, watu wanapita zao. Landrova likizimika, kikao kinaanza hapohapo na akidi inatimia. Wa bodaboda anasema kabureta. Muuza mkaa anasema plagi. Mzee jirani anaanza na salamu ya Kigogo, "Mbukwa", anaulizia hali ya nyumbani, anaulizia ng'ombe ambao sina, kisha ananishauri niliuze. Safari hii kikao kikatoa azimio la pamoja: pointi zing'olewe, iwekwe elektroniki.

Azimio halikuwa la kijinga. Pointi ni vipande viwili vya chuma ndani ya distributa, vinagusana na kuachana, na kila vikiachana koili inatoa cheche. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinaachana mara 6,000, yaani mara 100 kila sekunde. Sijui ndoa gani ingevumilia hayo. Ndiyo maana zinaungua, zinachimbika, na kile kisigino chake kinachosuguana na kamu kinalika, mwanya unapungua, taimingi inachelewa, na wewe unaanza kusukuma. Mfumo huu aliubuni Mmarekani Charles Kettering karibu na mwaka 1910, na kwa kweli umetutumikia vya kutosha. Elektroniki inaondoa huko kugusana kote: pete ya sumaku inakaa chini ya rota, na kando yake kijisanduku, yaani moduli, kinachohisi sumaku ikipita, kinakata umeme wa koili kwa wakati wake.

Wala si jambo geni. Mwaka 1973 Chrysler ya Marekani ilianza kuyafungia magari yake yote mfumo wa elektroniki. Mwaka huohuo TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Maamuzi mawili mazuri, yote yakaja kwetu polepole: serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, na elektroniki ya gari langu ikafuata baadaye sana, kwa basi, ndani ya boksi la biskuti.

Kuchagua ndiko kulikonitoa jasho. Kuna distributa nzima mpya ya bei rahisi, unatoa ya zamani unaweka hiyo. Kijana wa duka la spea aliisifia hadi nikaanza kuiogopa. Kuna ya mwanga, ambayo kijisahani kinakatiza miale ndani ya distributa. Hiyo fundi aliikataa kabla sijamaliza sentensi. "Mwalimu, vumbi la hapa Agosti linaingia hadi kwenye friji." Nikabaki na ile ya sumaku, inayojificha ndani ya distributa ya zamani hata mtu akifungua boneti asijue.

Muuzaji wa Nairobi akauliza: distributa yako ni Lucas ipi, 25D4 au 45D4? Namba imegongwa ubavuni, chini ya grisi iliyoanza kuwekwa wakati wa Mwalimu Nyerere. Tukaosha kwa petroli, kikao kikiwa kimejaa. Ikasomeka 45D4. Nikapiga picha, nikatuma. Ikaja ya 25D4. Nikairudisha, na nauli ya basi nikalipa mimi.

Ilipofika ya kweli, maelekezo yalitaka vitu viwili vikaguliwe. Kwanza, upande upi wa betri umeungwa kwenye bodi, kwa sababu Landrova nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ziliungwa chanya, na moduli ikiungwa kinyume inakufa palepale. Yangu ni hasi, tukapita. Pili, koili. Moduli yangu ilitaka koili ya omu 3, ambayo kwenye volti 12 inavuta ampea 4. Mita ikasoma 1.5. Kumbe fundi fulani wa zamani alishafunga koili ya gari jingine kabisa, inayovuta mara mbili. Tukabadilisha.

Asubuhi ya Julai, na baridi ya Dodoma mnaijua, gari likawaka kwa kuguswa tu. Kikao kikapiga makofi. Fundi hakupiga.

"Mwalimu," akasema, "pointi zikikorofisha Bahi, nazipiga msasa tunaondoka. Hicho kidude kikifa, tutakipiga msasa wapi?"

Katika mashauri yote niliyopewa bure mtaani, hilo peke yake lilikuwa na thamani. Pointi huugua kwanza. Zinamisi, zinatoa taarifa, zinakupa nafasi ya kufika nyumbani. Moduli kwa kawaida haiugui. Inafanya kazi, au haifanyi.

Kisha zikacheza Simba na Yanga. Umeme wa nyumba ukakatika, mpwa wangu akakumbuka redio ya Landrova. Redio hiyo imeungwa kwenye waya wa swichi, kwa hiyo ukiiwasha umewasha na koili, na injini ikiwa imezimwa umeme unapita mfululizo kwenye koili na moduli, vyote vinachemka. Alisikiliza mechi yote, pamoja na uchambuzi. "Mjomba, tumeshinda!" akaja kuniambia. Timu yake ilishinda. Aliyefungwa ni mimi. Moduli ilikuwa imeshakufa, na fundi akarudisha pointi kabla magharibi haijaingia, akiimba pambio.

Hata hivyo nimenunua nyingine, na nawashauri wenye magari ya zamani mnunue. Msitegemee nguvu, mlima utaupanda kwa gia ileile. Mtakachopata ni gari linalowaka asubuhi. Acheni ya bei ya kutupa, pimeni koili kwanza, na pointi na kondensa za zamani msizitupe: zikae kwenye boksi la dashibodi pamoja na msasa na bisibisi nyembamba, kwa ajili ya Bahi. Na redio, tafadhali, iungeni moja kwa moja kwenye betri.