Mheshimiwa Waziri, Itangazeni Kuwa Inaambukiza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya ya Umma, Kinshasa
Kuhusu: ombi la wazazi wa Mulekera

Mheshimiwa,

Tunakuandikia kutoka komine ya Mulekera, katika mji wa Beni, mji ambao tangu Goma ichukuliwe na waasi wa M23 Januari 2025 umepandishwa cheo na kuwa makao ya muda ya jimbo. Asante sana. Misafara ya wakubwa tunaiona ikipita, na vumbi lake tunalila.

Shida yetu ni nyingine. Tunaomba, kwa unyenyekevu wote, utie saini agizo linalotangaza kwamba saratani ya watoto ni ugonjwa wa kuambukiza.

Kwamba haiambukizi tunajua. Tumeelezwa, tukaelewa. Ila sisi watu wa Beni tuna uzoefu na magonjwa yanayoambukiza, na tumeona jinsi yanavyoheshimiwa. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, dunia nzima ilijifunza kutamka jina letu. Riposti, yaani kikosi cha kupambana na Ebola, ikaja na magari yake, kodi za nyumba zikapaa, kila kona ikapata ndoo ya klorini na kijana wa kupima joto. Waliokufa hadi ugonjwa ulipotangazwa kwisha Juni 2020 walikuwa 2,287. Hao hatuwafanyii mzaha, tulizika. Lakini kuna hesabu moja tuliishika vizuri. Ebola iliporudi hapa Butsili, ikatangazwa tarehe 8 Oktoba 2021, na tarehe 13 watu walikuwa wanachanjwa. Siku tano, Mheshimiwa! Chanjo inayotaka baridi kali kuliko ya jokofu lolote la nyumbani, katika mji ambao hata soda ya baridi ni bahati. Kumbe inawezekana.

Sasa mtazame Kambale. Hatumtaji mtoto wa mtu: kwa Wanande Kambale ni jina la mvulana wa pili, kwa hiyo yumo katika nyumba nyingi. Ana miaka mitano na taya limevimba. Bibi anasema ni jino, linang'olewa. La pembeni yake linalegea, nalo linang'olewa. Mtu anauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyemlisha mtoto kitu. Wakati huo wote uvimbe unakua, kwa sababu hii ni limfoma ya Burkitt, ambayo inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Haisubiri meno yaishe.

Wala si ugonjwa mgeni ambao Kinshasa haijapata nafasi ya kuusoma. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliuandika mwaka 1958, ng'ambo tu ya Ruwenzori. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni nani aliyeuona. Gari kuukuu, Mheshimiwa, bila antena ndefu na bila bendera. Mwaka 1967 Kampala ikafungua kituo cha kuutibu, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Dawa yake kuu, siklofosfamidi, imekuwa ikiponya watoto tangu miaka hiyo. Ina umri wa bibi zetu.

Basi mwenye uwezo wa kukopa anavuka mpaka kwenda Uganda. Mama anapita Kasindi na Kambale mkononi na kitinda mimba mgongoni, maana anayenyonya haachwi. Paluku, mkubwa, anapelekwa Butembo kwa shangazi. Masika, dada yao, anabaki kwa bibi. Baba anabaki Mulekera kwa sababu lazima mtu mmoja atafute dola. Anatafuta wapi? Alikuwa na shamba la kakao, lakini wakati wa mavuno ndipo waasi wa ADF nao huenda kuvuna, na watu wameuawa humo. Analiuza. Anauza shamba asiloweza kulifikia, kwa mtu ambaye naye hataweza kulifikia, na pesa zake hazifiki popote.

Kampala, mama anazungumza Kinande na Kiswahili mbele ya manesi wa Kiingereza na Kiganda. Anajifunza kwamba chembe nyeupe za damu zikishuka, sindano inayofuata inaahirishwa, na ikiahirishwa, kodi ya chumba inaendelea. Huku Butembo Paluku amenuna. Kambale amepanda basi, Kambale amenunuliwa soda, Kambale anaulizwa habari kila jioni kwenye simu; yeye aliyekuwa wa kwanza darasani hajaulizwa kitu. Hakuna fomu ya wizara yenye nafasi ya kuandika hilo, na hatulaumu.

Kisha Kambale anarudi kupumzika kati ya dozi, hana nywele. Akina mama wa jirani wanawavuta watoto wao ndani ya kiwanja. Wengine wanamwosha mtoto mikono kwa haraka, kama enzi za Riposti. Unaona, Mheshimiwa? Mtaa umekwisha tia saini agizo letu kabla yako. Umebaki wewe na fedha.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani wanapona, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Mwaka 2018 likaweka lengo la angalau 60 ifikapo 2030. Tumehesabu miaka iliyobaki, kisha tumehesabu kilomita 80 hivi za barabara ya Beni hadi Kasindi, tukaona heri tuombe maambukizi.

Iwapo wataalamu wako watakataa kwa sababu za kisayansi, tuna ombi dogo zaidi. Mtoto aliye kwenye dawa za kemo akipata homa, hata saa saba usiku, ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Asubuhi yaweza kuwa kuchelewa. Lakini jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, na kuvrefe, amri ya kutotembea usiku, haina kifungu cha homa. Baba anasimama mlangoni, mtoto begani, akipima kati ya kinachoungua mikononi mwake na giza la kufika barieri. Tupe karatasi moja tu, yenye maneno ambayo askari aliyechoka anaweza kuyasoma kwa tochi: mtoto huyu apite.

Maneno tutayaandika sisi. Kama tatizo ni muhuri, hapa sokoni tuna fundi, anachonga wa wizara yoyote kabla ya saa sita mchana.

Wazazi wa Mulekera